Mshono wa mama umefunguka: je, mashine ya kufyonza kidonda itamsaidia?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61 na ana kisukari cha muda mrefu. Wiki tatu zilizopita alipasuliwa tumbo hapa Tanga baada ya kidole tumbo kupasuka. Siku ya nane mshono ulianza kutoa usaha, nyuzi zikaondolewa, na sasa ana kidonda kilicho wazi chini ya kitovu, urefu wake kama kiganja na kina chake kama vidole viwili. Kinasafishwa na kufungwa kwa gozi mara mbili kwa siku, lakini kila gozi inaloa chapachapa. Daktari ametuambia ipo mashine ya kufyonza kidonda ambayo inaweza kumsaidia. Majirani zetu wa Makorora wanasema mashine hiyo hufyonza damu, na kwamba mgonjwa wa sukari hataimudu. Kaka yangu ni fundi wa friji, anasema pampu ya namna hiyo anayo, atatufungia nyumbani bure. Shangazi anataka tumpeleke Dar es Salaam kesho. Tena mtaani kwetu umeme hukatika mara kwa mara. Mama mwenyewe hali chochote ila uji, kwa kuwa ameambiwa samaki na mayai huleta usaha. Tufanye nini?"

Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Umeandika vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazozipokea, kwa sababu umetaja urefu, kina na siku, na hayo matatu yananiwezesha kukujibu kwa kiasi fulani hata kabla sijamwona mgonjwa. Nikikusoma vyema, una hofu mbili zinazovutana: unaogopa kwamba mashine itamdhuru mama, na papo hapo unaogopa kwamba bila mashine kidonda hakitapona. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba, kwa kidonda kama ulichokieleza, mashine ya kufyonza ni njia inayokubalika na mara nyingi ni njia nzuri, ilimradi kidonda kiwe kimeshasafishwa, utando wa chini wa tumbo uwe haujafumuka, na awepo mtu mwenye ujuzi wa kuisimamia usiku na mchana. Likikosekana moja kati ya hayo, gozi iliyofungwa kwa uangalifu ni salama kuliko mashine.

Nianze na majirani wa Makorora, maana hofu yao ina asili. Sisi watu wa pwani tunaijua chuku. Mpiga chuku huchanja ngozi, akaweka pembe au kikombe, akaitoa hewa iliyomo, na damu ikapanda yenyewe. Damu ndiyo anayoitafuta. Mtu aliyewahi kuiona kazi hiyo, kisha akasikia kwamba kuna mashine ya kufyonza inayowekwa juu ya kidonda kibichi, halaumiwi akidhani ni chuku ya umeme. Kanuni ya hewa ni ileile, ila kusudio na namna ya kufanya ni mbalimbali. Mashine hii hutumia nguvu ndogo iliyopimwa, kwa siku kadhaa mfululizo, ikipitia kwenye sponji inayoisambaza nguvu hiyo kidonda kizima, na kinachoingia kwenye kopo lake ni majimaji ya njano au yenye wekundu hafifu. Damu inayotiririka ndani ya mrija si kazi ya mashine bali ni dalili ya hatari, nami nitairudia huko mbele. Ama kisukari, hakimzuii mtu kutumia mashine hii, kwani wagonjwa wa kisukari ni miongoni mwa wanaoitumia zaidi.

Jina lake la kitaalamu ni tiba ya shinikizo hasi, na neno hilo "hasi" limewatisha wengi bure. Maana yake ni kwamba hewa iliyo chini ya plasta imepunguzwa hadi shinikizo lake likawa dogo kuliko la hewa ya nje. Sisi tunaoishi usawa wa bahari tunabanwa kila upande na hewa yenye shinikizo la takriban milimita 760 za zebaki (kipimo kilekile cha presha ya damu), wala hatuhisi kitu. Mashine kwa kawaida hupunguza milimita 125 kati ya hizo, yaani kama sehemu moja ya sita. Mtoto akinywa juisi ya boksi mpaka ikaisha, kisha akaendelea kuvuta mrija, boksi hubonyea. Si kwamba mdomo wake umelivuta boksi, bali hewa ya nje imelibana baada ya yeye kuipunguza ya ndani. Hicho ndicho kinachotokea juu ya kidonda. Kingo zake husogezwa kuelekea katikati, maji yaliyojaa kwenye nyama iliyovimba hupata njia ya kutoka, na kidonda hubaki kimefunikwa, chenye unyevu na joto la mwili, badala ya kufunuliwa asubuhi na jioni.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Pale nyama inapoingia kidogo katika vitundu vya sponji, seli zake huvutwa na kunyooshwa kwa kiasi kidogo sana, na seli iliyonyooshwa hupata ishara ya kugawanyika, hivyo nyama mpya nyekundu yenye vipelepele huota haraka zaidi na mishipa midogo ya damu huchipua ndani yake. Watafiti Argenta na Morykwas wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, waliochapisha kazi yao mwaka 1997, walianza kwa kupima jambo hilo kwa nguruwe, ambao ngozi yao inakaribiana na ya binadamu, na kipimo cha milimita 125 kilitokana na majaribio hayo. Wenzao wa Ujerumani walikuwa wakitumia njia ya kufanana na hiyo miaka michache kabla yao. Kwa hiyo mama yako hajaribiwi kitu kipya. Ni tiba ambayo imekuwa ikitumika sehemu nyingi duniani kwa zaidi ya robo karne.

Nikueleze jinsi kidonda kinavyofungwa, ili siku mkiona msishtuke. Mgonjwa hupewa dawa ya maumivu kwanza. Muuguzi hukiosha kidonda kwa maji ya chumvi ya hospitali, hukausha ngozi ya pembeni kabisa, kisha huikata sponji nyeusi mbali na kidonda ili chembe zisidondokee ndani, akaipa umbo la kidonda chenyewe. (Wagonjwa wetu wa Tanga huuliza sana kama sponji hiyo imetokana na mnyama, na mnyama gani. Haikutokana na mnyama yeyote. Ni plastiki yenye vitundu vilivyoungana.) Sponji hulazwa ndani bila kushindiliwa, isipande juu ya ngozi nzima, halafu plasta nyembamba inayoonyesha hutandazwa juu yake ikivuka kingo kwa sentimita kadhaa. Plasta hukatwa tundu lenye ukubwa wa sarafu, mrija hubandikwa hapo, na mashine huwashwa. Katika sekunde chache sponji iliyokuwa imetuna hushuka, hukunjamana na kuwa ngumu kama tende kavu. Ukiigusa ukaikuta hivyo, mambo yako sawa. Ukiikuta laini, au ukisikia mlio mwembamba kama wa tairi ya baiskeli inayopungua upepo, ujue kuna mahali hewa inapita. Hapa kwetu hilo hutokea zaidi nyakati za joto la kaskazi, jasho linapoibandua plasta, hasa kwenye mikunjo ya tumbo. Ndiyo maana muuguzi mzoefu hutumia muda mrefu kukausha ngozi kuliko kuweka sponji.

Sponji hubadilishwa kila baada ya saa 48 hadi 72, na mapema zaidi kama kidonda kina maambukizi. Ikiachwa zaidi ya hapo nyama huota ndani ya vitundu vyake, na siku ya kuitoa mgonjwa huumia na kidonda huvuja damu. Idadi ya vipande vilivyowekwa huandikwa juu ya plasta na kwenye faili, na siku ya kubadilisha huhesabiwa tena. Msione aibu kuuliza, "Vimeingia vingapi, vimetoka vingapi?" Kipande kilichosahauliwa ndani ni chanzo kinachojulikana cha vidonda ambavyo havifungi na hakuna anayejua kwa nini.

Sasa nije kwenye kosa ambalo si la majirani tu, maana hata baadhi yetu tunaofanya kazi wadini tunalifanya. Watu hudhani mashine husafisha kidonda. Haisafishi. Nyama iliyokufa, ile ya kijivu, ya njano inayonata au nyeusi, haifyonzwi na mashine. Lazima ikatwe na daktari. Usaha uliojificha kwenye mfuko chini ya ngozi nao haufikiwi na sponji iliyo juu, mpaka mfuko ufunguliwe. Mkiweka sponji juu ya uchafu, mtakuwa mmefunika uchafu kwa plasta ya bei ghali. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia mashine, muulizeni daktari kama kidonda cha mama kimeshafika mahali ambapo chini yake ni nyekundu na hakuna kilichokufa. Kama bado, huenda akahitaji kurudi chumba cha upasuaji mara moja kwa ajili ya kusafishwa, nanyi msilione hilo kuwa ni kurudi nyuma.

Swali linalofuata ndilo ninalolipa uzito mkubwa kuliko yote, na halimo katika barua yako. Ukuta wa tumbo una tabaka: ngozi, mafuta, kisha utando mgumu wa misuli ambao ndio unaouzuia utumbo usitoke nje. Daktari aliyempasua mama alishona utando huo kwa uzi wake na ngozi kwa uzi mwingine. Kina cha vidole viwili kwa mama mwenye mafuta ya wastani kinaweza kuwa ni mafuta matupu yaliyoachana, na utando wa chini ukawa mzima. Hicho ni kidonda cha kusumbua lakini si cha kutisha. Ila kama utando nao umefumuka, au kama utumbo umetoboka na unavujia kidondani, hilo ni jambo jingine kabisa, na sponji ya kawaida haiwekwi juu ya utumbo ulio wazi, kwa kuwa inaweza kuutoboa. Zipo namna maalumu za kufunga tumbo lililo wazi, zenye karatasi laini ya kuulinda utumbo, lakini hizo ni kazi ya daktari bingwa wa upasuaji katika hospitali kubwa. Kulowa kwa gozi kila mara kunanifanya niulize: yanayolowesha ni maji ya aina gani? Yakiwa ya njano mepesi, yasiyonuka, mashine itayamudu vizuri kuliko gozi. Yakiwa ya kijani, ya kahawia au yenye harufu ya choo, mwambieni daktari leo hii. Na kwa kuwa kidole tumbo kilipasuka, mama akiwa bado na homa au maumivu ya ndani, apigwe picha ya altrasaundi kutazama kama kuna jipu lililobaki tumboni.

Wapo ambao hawafai kabisa kwa mashine hii mpaka tatizo la msingi litatuliwe: wenye saratani ndani ya kidonda, wenye maambukizi ya mfupa ambayo hayajatibiwa, na wenye mishipa ya damu au neva zilizo wazi. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wanaweza kuitumia, ila kwa uangalizi wa karibu. Mwambieni daktari dawa zote za mama, hata vile vidonge vya aspirini anavyomeza kila siku kwa ajili ya moyo, ambavyo wazee wengi hawavihesabu kuwa dawa.

Je, mashine inashinda gozi kwa kiasi gani? Hapa lazima nikuambie ukweli, kwa kuwa wauzaji hawatakuambia. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi kwa watu wenye vidonda vya tumbo vilivyofunguka baada ya upasuaji, ambao utando wao wa chini ulikuwa mzima, yaani vidonda vya aina ambayo naitarajia kwa mama yako. Baada ya siku 42, kati ya waliotumia mashine, takriban mtu mmoja kati ya watatu kidonda chake kilikuwa kimeziba, na kati ya waliofungwa kwa njia za kawaida ni kama mmoja kati ya watano. Mashine ilikuwa mbele, lakini angalia: katika makundi yote mawili, vidonda vya wengi vilikuwa bado havijaziba baada ya wiki sita, na matatizo madogo ya kidonda yalikuwa mengi zaidi upande wa mashine. Kwa mivunjiko mibaya ya mguu yenye vidonda, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018 haukuona tofauti ya maana katika ulemavu wa wagonjwa baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo nikimwekea mgonjwa mashine, ninatarajia kupunguza idadi ya kufunguliwa kidonda, maumivu ya kila siku, kulowa kwa shuka na siku kadhaa za kusubiri. Simwahidi zaidi ya hapo. Na kama wiki mbili zikipita bila kidonda kupungua kwa kupimwa na rula, tunaacha, tunatafuta sababu.

Kuna matumizi mengine ambayo mtasikia yakichanganywa na haya, nayo ni kuweka kifaa kidogo cha shinikizo hasi juu ya mshono uliofungwa vizuri, ili usiingie maambukizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza hilo kwa wagonjwa walio katika hatari kubwa, pale rasilimali zinaporuhusu. Lingemfaa mama siku ya kwanza. Sasa wakati wake umeshapita.

Nimkaribishe kaka yako, ambaye nampenda bila kumjua, kwa sababu amefikiri kama fundi. Pampu anayoizungumzia ni ile ya kutolea hewa kwenye mabomba ya friji kabla ya kujaza gesi. Ni pampu nzuri sana kwa kazi yake, na ubora wake ndio ubaya wake kwetu: imetengenezwa ili iitoe hewa karibu yote, ikaribie milimita 760, huku kidonda kikihitaji 125 tu, na kwa mgonjwa mwenye maumivu au ngozi iliyopandikizwa wakati mwingine 75. Haina kidhibiti cha kuishikilia hapo, haina kengele ya kuonya kopo likijaa au plasta ikivuja, na sponji ya godoro ambayo najua atakuja nayo hunyambuka ikaacha vipande ndani ya nyama. Ni kweli kwamba katika hospitali nyingi za nchi zisizo na uwezo mkubwa tunatengeneza mfumo wa kujitafutia, kwa kutumia mashine ya kufyonza ya wadini yenye kipimo, sponji au gozi iliyotakaswa, na plasta ya kuonyesha. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo na wagonjwa wakapona. Lakini hilo hufanyika kitandani, mbele ya muuguzi, kukiwa na geji inayosomwa. Kaka abaki na friji, na ujuzi wake tuutumie kwenye jambo la umeme.

Maana umeme si jambo dogo. Mashine ikizimika, sponji iliyoloa chini ya plasta isiyopitisha maji inageuka kuwa mahali pazuri pa bakteria kuzaliana. Kanuni tunayoifuata ni kwamba tiba isisimame zaidi ya saa mbili ndani ya siku nzima. Zikipita, sponji hutolewa yote na kidonda hufungwa kwa gozi yenye maji ya chumvi mpaka mashine irudi. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mzee kutoka wilayani ambaye familia yake ilikodishiwa mashine na mtu aliyewaambia waiwashe na wasiiguse. Betri ilikwisha usiku wa Alhamisi. Wao, kwa utiifu wao, hawakuigusa hadi Jumapili. Tulipoibandua ile plasta, harufu ilimfanya mjukuu wake atoke nje mbio, na kidonda kilichokuwa kimeanza kuwa chekundu kilikuwa kimerudi kijivu. Mzee alipona, lakini alipoteza mwezi mzima. Kwa hiyo, kabla hamjaafiki mashine, ulizeni betri inakaa saa ngapi, nani wa kumpigia simu usiku, na mama atakaa wadini au nyumbani. Kwa kidonda cha tumbo chenye ukubwa huo, wiki ya kwanza ningependa awe wadini. Baadaye, kama mashine ni ya kubebeka na kaka ameweka betri ya akiba yenye inveta iliyofungwa vizuri, nyumbani panawezekana.

Kuhusu gharama nitasema machache. Msiulize bei ya mashine peke yake. Ulizeni bei ya kila kubadilisha, yaani sponji, plasta, mrija na kopo, kisha zidisheni kwa mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Kama mama ana bima, kapateni jibu la maandishi kabla ya kuanza. Tiba iliyoanza na kukatishwa katikati kwa kukosa sponji ni mbaya kuliko ambayo haikuanza.

Nimeacha kwa makusudi jambo la uji, kwa kuwa limeniuma. Kidonda cha mama yako kinajengwa kwa protini, na kila gozi inayoloa inamtoa nyingine. Mama wa kilo 60 mwenye kidonda kama hicho anahitaji kama gramu 75 hadi 90 za protini kwa siku. Yai moja lina kama 6, kipande cha samaki cha gramu 100 kina karibu 20, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Uji mtupu una kidogo sana, na ukitiwa sukari unampandishia sukari ya damu, ambayo ndiyo hasa inayowalisha wadudu na kuzidhoofisha chembe nyeupe za damu zinazopigana nao. Samaki hawaleti usaha. Usaha huletwa na bakteria. Mpikieni vibua au changu, mayai, mbaazi, maziwa ya mtindi, mchicha, na kiasi kidogo cha wali au ugali. Kama ana tatizo la figo, daktari akadirie kwanza kiwango cha protini. Sukari yake ipimwe kila siku mara kadhaa; hospitalini tunalenga kwa kawaida isizidi milimoli 10 kwa lita, na mara nyingi ni lazima kutumia insulini kwa muda, hata kwa mtu aliyezoea vidonge. Ningeambiwa nichague kimoja, mashine bila chakula au chakula na gozi, ningechagua cha pili bila kusita.

Na kama mashine haipatikani, au mkiona haiwezekani, msijione mmemnyima mama tiba. Gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali na kukamuliwa, ikawekwa ndani ya kidonda kwa wepesi bila kushindiliwa, ikafunikwa kwa gozi kavu na kubadilishwa kabla haijajaa, imefunga vidonda vikubwa kuliko hicho. Msimimine spiriti wala peroksaidi ndani, kwa kuwa huua seli changa zinazojenga. Msifungue kapsuli za antibayotiki mkanyunyiza unga wake. Asali ina ushahidi wake kwa vidonda vya upasuaji vyenye maambukizi, lakini ni asali iliyotakaswa kwa matumizi ya tiba. Asali ya Handeni iliyo kwenye chupa ya sokoni, tamu ilivyo, ibaki kwenye chai yenu nyinyi msio na kisukari.

Yapo mambo ya kutosubiri asubuhi. Damu nyekundu ikionekana inatiririka kwenye mrija au kujaa kwenye kopo, zimeni mashine, msiing'oe sponji, kandamizeni juu yake kwa kitambaa safi na mkimbie hospitali. Tahadhari hii ina historia: mwaka 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kwamba katika miaka miwili ilikuwa imepokea taarifa za vifo 6 na majeruhi 77 waliohusishwa na mashine hizi, na kuvuja damu ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Maji mengi mekundu hafifu yakimwagika ghafla kutoka kidondani, kama chungu kilichopasuka, huenda utando wa chini umeachia. Utumbo ukionekana, msiurudishe ndani. Ufunikeni kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi, mama alale chali amekunja magoti, asile wala kunywa, na gari iitwe. Homa yenye kutetemeka, kuchanganyikiwa, wekundu unaotambaa kwa saa, au ngozi inayogeuka zambarau au nyeusi kwa mgonjwa wa kisukari, navyo havingoji. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ipokee mgonjwa wa namna hiyo saa yoyote ya usiku.

Linabaki la shangazi na Dar es Salaam. Kama utando wa chini ni mzima, maji ni ya njano na sukari inashuka, safari ya takriban kilomita 350 kwa basi na tumbo lililo wazi haina faida inayolingana na taabu yake, atibiwe hapahapa. Kama utando umefumuka, utumbo unavuja, au kidonda kimebaki vilevile baada ya wiki mbili za kufungwa vizuri, shangazi ana haki, lakini mama aende kwa rufaa, akiwa na gari la wagonjwa na barua inayotaja tarehe ya upasuaji, kilichokutwa tumboni, dawa anazotumia, siku sponji ilipobadilishwa mara ya mwisho na idadi ya vipande vilivyomo. Mashine isiyo na chaji ya kutosha kwa safari nzima ifunguliwe kabla hajaondoka, sponji itolewe yote na kuhesabiwa, kidonda kifungwe kwa gozi, na huko wataanza upya.